Banda la chapa na tafsiri, Base Camp, Nakivale: yule aliyeniuliza nani alishika kalamu

Nilikwenda kutoa kopi tatu tu za karatasi ya familia. Banda liko hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mabati yamepakwa bluu, juu ya mlango kuna paneli moja ya sola. Kopi ni shilingi 200, kuchapa ukurasa 1,000, kutafsiri kutoka Kiswahili, Kirundi au Kifaransa kwenda Kiingereza 3,000 kwa ukurasa. Tangu mgawo wa chakula upunguzwe, elfu tatu ni mlo wa nyumba nzima, ndiyo maana nataka mwenzangu ajue ananunua nini kabla hajaitoa.

Mwenye banda ni mtu wa Uvira, Kongo, kwao alikuwa akifundisha, na wote tunamwita Mwalimu. Alipozichambua karatasi zangu alikuta katikati yake maelezo yangu ya mwaka 2016, yale niliyotoa nilipofika Uganda, yameandikwa Kiingereza. Akaomba ruhusa kuyasoma. Akayasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama, hapa wameandika mtoto wako alijiandikisha kwa waasi. Ni yeye alijiandika, ao ni wao walimuandika?"

Sijui Kiingereza. Miaka tisa nimeitunza karatasi ile ndani ya mfuko wa nailoni isilowe mvua, na sikujua ilikuwa inasema nini.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Tuliondoka Mei 2015, siku chache baada ya lile jaribio la mapinduzi kushindwa, tukaingia Rwanda, tukapelekwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Kambi ilikuwa haijatimiza mwezi. Mwanangu alikuwa na miaka 16. Haikupita muda wakaanza kuja wanaume jioni, Warundi wenzetu, na maneno ya kurudi kuikomboa nchi. Mara ya kwanza walibembeleza. Mara ya pili walikuja na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na mmoja wao akaandika jina la mwanangu akiwa amesimama mlangoni pa hema letu, huku mtoto mwenyewe akisema hataki. Nililiona likiandikwa. Halikuwa jina la kwenye karatasi. Aliandika jina la utani, ambalo wenzake wa kucheza mpira tu ndio waliokuwa wakimwita, nikajua hapohapo kwamba kuna rafiki yake wameshamchukua. Mara ya tatu walisema asiyekwenda ni mpelelezi wa Imbonerakure, wale vijana wa chama tawala cha Burundi. Usiku ule hatukulala. Kulipokaribia kucha tuliacha sufuria na blanketi, tukaondoka, na siku ya tatu tukavuka mpaka wa Kagitumba kuingia Mirama Hills, Uganda.

Hayo hayakuwa yangu peke yangu. Desemba 2015 shirika la Refugees International lilitoa ripoti kuhusu wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakisajiliwa ndani ya Mahama na vitisho walivyopewa waliokataa. Februari 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliliarifu Baraza la Usalama kwamba wapiganaji 18 waliohojiwa Kivu Kusini walieleza jinsi walivyochukuliwa kambini humo na kufundishwa silaha. Rwanda ilikanusha. Mimi daftari nililiona kwa macho yangu.

Sasa yule mkalimani aliyenitafsiria maelezo ya 2016, ambaye simtaji wala ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Nilimwambia "aliandikishwa". Yeye akasikia kuandika, akasikia waasi, akaweka neno la mtu aliyekwenda mwenyewe. Tangu hapo kila mahojiano niliyoitwa yaliishia palepale: mwanao alipigana wapi, kwa muda gani, bunduki aliiacha kwa nani? Nilidhani wanawauliza watu wote hivyo. Ukimbizi ni wa raia. Mpiganaji hapokewi kama mkimbizi mpaka ijulikane kwamba ameweka silaha chini kweli. Wenzetu wa mstari wetu walipandishwa ndege kwenda nchi ya tatu, sisi faili letu likabaki kabatini, na kijana akakua huku anajiona kama ana doa asilolijua.

Basi kazi ya Mwalimu naieleza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo thamani ya banda hili ilipo. Hakukimbilia kompyuta. Alichukua karatasi, akanifanya nisimulie tangu mwanzo kwa Kiswahili changu cha Buyenzi, na kila nilipofika kwenye kitendo alinisimamisha: nani alifanya? Nani alishika kalamu? Mtoto alisema nini, kwa maneno gani? Alipomaliza alinisomea yote kwa Kiswahili, ndipo akachapa Kiingereza, halafu akakirudisha Kiingereza kile kwenye Kiswahili mbele yangu, mstari kwa mstari, kuona kama kuna kilichopotea njiani. Palikuwa na sehemu moja tu nilisema hapana: aliandika "walikuja hemani", nikamwambia waliishia mlangoni. Akasahihisha. Saa mbili nzima kwa kurasa mbili, na hela ni ileile elfu sita.

Alinifundisha na jambo nililokuwa silijui. Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unasema kumwingiza mtoto wa chini ya miaka 15 katika kundi la wapiganaji ni jinai ya vita, awe amelazimishwa au amekuja mwenyewe. Ndiyo kesi iliyomtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, Kongo, mwaka 2012, akafungwa miaka 14. Mwanangu alikuwa amevuka umri huo kwa mwaka mmoja. Lakini iko itifaki ya mwaka 2000 ya haki za mtoto, inayoyakataza makundi yasiyo jeshi la serikali kumsajili yeyote wa chini ya miaka 18 kwa hali yoyote ile. Mwalimu aliitaja mwishoni mwa barua, na chini yake akaandika ombi langu kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi: wasahihishe faili, na walinde vijana walioko kambini leo.

Maana jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba watoto wa kuanzia miaka 12 walikuwa wakichukuliwa kutoka karibu kambi zote za wakimbizi Rwanda kupelekwa kwa M23, waasi wa mashariki mwa Kongo. Goma ikaanguka mikononi mwao Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na tangu hapo benchi la banda hili halikosi mama wa Rutshuru au Masisi, huko Kivu Kaskazini, aliyekuja na wavulana tu, wasichana amewaacha kwa bibi yao, kwa sababu wavulana ndio waliokuwa wakitafutwa. Nikiwasikiliza ni Mahama tena. Dunia ilipewa ripoti mwaka 2015, ikapewa tena 2016, na 2024. Sisi hatuombi ripoti nyingine. Tunaomba watu wenye mamlaka wawepo kambini usiku, maana daftari huja usiku.

Kasoro zipo, na ya kwanza si ndogo. Benchi liko hatua mbili kutoka mezani, kila unachosema kinasikiwa, na katika makazi haya huwezi kujua aliyekaa nyuma yako anapeleka habari kwa nani. Nilimwambia Mwalimu. Wiki iliyofuata nilikuta ametundika kitenge kama pazia. Afadhali, ingawa sauti inapita. Ya pili, kazi za watu zinabaki kwenye kompyuta isiyo na neno la siri. Nilisimama pale mpaka akafuta ya kwangu baada ya kunipa kwenye flashi, na ninakusihi na wewe usiondoke kabla hajafuta. Tena siku za mawingu sola inachoka mapema, kama saa tisa hivi, na printa ikikaribia kuishiwa wino huacha mstari mweupe katikati ya ukurasa.

Nampa nyota nne. Ya tano nitampa akiweka ukuta.

Mwanangu sasa ana miaka 26, ni fundi wa kuchomelea Mbarara. Nilimpigia simu jioni ile Mwalimu akamsomea. Alikaa kimya, kisha akaomba arudie pale penye jina la utani. Aliporudiwa akasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Nenda kabla ya saa nne asubuhi, beba karatasi ya familia na barua zako zote za zamani hata zile unazodhani hazina kazi, na umwambie unataka kukaa nyuma ya pazia.