Fundi wa fensi ya mbao Mtongwe, nimemkubali
Jamani plot yetu huku Mtongwe imeteremka vibaya, fundi wa kwanza alisimamisha nguzo zikafuata mteremko, fensi yote ikalala upande. Huyu wa sasa alivuta kamba toka juu mpaka chini, akaweka pima maji, akajenga ngazi ngazi, nguzo za mvinje zote wima kabisa, mashimo futi 2 na kokoto chini maji yapite masika ikija, na oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Chini ya kila ngazi kulibaki pengo la pembetatu kuku wakawa wanatoroka, nikampigia akarudi, akakata ubao mmoja mmoja ufuate ardhi, wala hakuniongezea hata shilingi wallahi. Geti tu ndo alichelewa siku 4, hilo liliniudhi.