Makumbusho ya misheni Bagamoyo, msiende kwa ajili ya Livingstone tu

Jamani kama mnaenda Bagamoyo wikiendi na mmechoka kuambiwa magofu ya Kaole na bichi tu, piteni makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, ni nje kidogo ya mji ukishika ile njia ya miembe. Mimi mtu wa bodingi toka fomu wani so kilichonivuta ni habari ya shule yao ya watoto, wavumbuzi kama Livingstone nimeshawasoma sana.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzia Zanzibar, 1868 wakavuka kuja Bagamoyo, mkubwa wao Padre Horner. Watoto walikuwa wananunuliwa sokoni Zanzibar, yaani kwa hela kabisa, nyingi michango ya Ulaya, halafu wanaletwa huku kulala na kusoma. Na hapa ndo kijana aliyetutembeza alinikosha, hakupaka mafuta. Alisema mtoto katolewa utumwani sawa, ila dini hachagui, ratiba hachagui, na likizo aende wapi wakati kwao kwenyewe ni huko bara ndani hata njia haikumbuki? Sala, darasa kidogo, halafu shamba na karakana, useremala, uashi, uhunzi. Wasichana kwa masista. Ukikua unaozeshwa, mnapewa nyumba na kipande cha shamba kwenye kijiji cha Wakristo hapohapo na kazi za misheni bado zinakufuata. Mimi niliyekuwa nanung'unikia ugali wa bwenini nilikaa kimya kidogo.

Aprili 1872 kimbunga kikaangusha karibu kila kitu, wakajenga upya. Makumbusho yenyewe yamo kwenye nyumba ya masista ya 1876, kuta nene, ndani kuna ubaridi hata saa saba mchana. Pale kwenye minyororo ya watumwa usipite haraka, kuna watu tulikuwa nao walikuwa bize na selfi, sijui wanaipostije ile.

Nje kuna mbuyu mkubwa wa enzi za hao mapadre na kwenye shina kinachungulia kipande kidogo cha cheni, wanasema kuna mama wa Kizungu alikuwa anafunga punda wake hapo miaka ya 1890, mti ukanenepa ukaimeza. Nimeishika, imekaza haswa, haitikisiki.

Mnara wa kanisa la zamani ndo ule mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba toka Zambia ya leo. Sawa ni stori kubwa, ila kuna kundi lililokuja na wakala mmoja wa Dar (simtaji) wakapigishwa picha mnarani, mbuyuni, haooo wameondoka, habari ya watoto hawajaisikia hata nusu. Hela yao imeliwa kwa maoni yangu.

So ushauri, nendeni asubuhi kabla jua halijawaka, bebeni keshi, ulizeni bei ya Watanzania mapema, na mkipewa mtu wa kuwatembeza mwambieni kabisa mnataka habari za shule na kijiji, Kiswahili wanakimwaga vizuri tu. Kama una mtoto wa sekondari mbebe, ila wadogo sana ile minyororo itabidi uwaeleze mwenyewe. Makaburi ya wamisionari yapo nyuma, soma miaka kwenye misalaba, wengi walikufa vijana. Mimi nawapa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata sababu habari za maisha ya bwenini nilizitaka zaidi.