Pampu ya stelingi ya mtumba kwa RAV4 ya zamani: inafaa, ila ikague vizuri

Kwa RAV4 za kizazi cha kwanza, za 1994 hadi 2000 zenye injini ya 3S-FE, ambazo bado ziko nyingi Unguja, khasa kwa wanaokodisha wageni, pampu ya mtumba kutoka Japani ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Ni kitu cha kiwandani, matundu ya boliti yanakaa sawasawa na mara nyingi huja na puli yake. Ubaya wake ni kwamba huko ilikotoka huenda iliendeshwa na oili chafu, na muuzaji hana namna ya kujua.

Kwa hiyo ikague hapo hapo kaunta. Izungushe puli kwa mkono: iwe nzito kidogo na izunguke laini, bila kukwaruza. Itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Tazama nyuma ya puli kama kuna unyevu wa oili, dalili kwamba sili inavuja. Kisha iinamishe juu ya kitambaa cheupe. Oili nyekundu au kahawia si tatizo. Ikiwa ya kijivu inayometameta, huo ni unga wa chuma. Irudishe hata ukipunguziwa bei. Linganisha pia mifereji ya puli na ile ya zamani.

Lakini pampu nyingi hubadilishwa bure. Sauti ya kuomboleza inayopanda pamoja na mzunguko wa injini mara nyingi ni hewa. Fungua kifuniko cha chupa ya oili ya stelingi huku injini ikiunguruma: ukiona povu, hewa inaingia kwenye mpira mnene unaotoka kwenye chupa kwenda kwenye pampu. Mpira huo hukauka, na klipu zake huku kwetu huliwa na kutu ya chumvi. Hapo hapavuji hata tone, kwa sababu pampu inavuta, haisukumi, ndiyo maana mafundi wengi wanapapita. Chujio ndogo ndani ya chupa ikiziba, sauti huwa hiyo hiyo. Mlio mkali unapokata kona ni habari ya mkanda: umwagie maji kidogo, na mlio ukinyamaza kwa sekunde chache, kaza au badilisha mkanda.

Kuhakikisha, toa mkanda wa pampu, uwashe injini nusu dakika. Pampu ya maji ya injini hii inaendeshwa na mkanda wa taimingi, basi haidhuriki. Sauti ikibaki, usiguse pampu. Sikiliza altaneta (inayochaji betri) na beringi nyengine.

Kazi yenyewe ina ufinyu. Pampu imejificha nyuma ya injini upande wa kulia, kwa hiyo inua gari, weka stendi, vua tairi la mbele la kulia ufanyie kazi hapo. Bomba la presha limefungwa kwa boliti yenye tundu na washa mbili, moja kila upande. Weka washa mpya. Za zamani zimeshabonyea na zitavuja. Kama pampu ina vimipira viwili vyembamba vya hewa, viwekee alama. Vali ya vimipira hivyo ikiharibika, injini hunyonya oili na kutoa moshi mweupe, watu wakadhani ringi za pistoni zimekwisha.

Osha chupa na chujio yake, na mpira wa kuvutia ubadilishe pamoja na klipu, hata kama pampu ndiyo mbovu kweli. Ukiacha unga wa chuma wa pampu ya zamani ndani, utaila hii nayo.

Oili ni ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, ya aina ya Dexron II au III. Nunua lita mbili, moja ya kusafishia. Tairi za mbele zikiwa hewani na injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole, huku ukiongeza oili, mpaka mapovu yaishe. Ndipo uwashe na urudie, bila kuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde mbili tatu. Ukizima injini, oili isipande kwenye chupa zaidi ya milimita 5. Ikizidi, hewa bado imo. Iache gari itulie, uanze tena kuzungusha. Pampu ya mtumba iliyo nzima itakuwa kimya baada ya hapo, isipokuwa mvumo mdogo usukani ukifika mwisho, ambao ni wa vali ya presha na hata pampu mpya inao.