Kubadilisha bodi ya jetiski ya kusimamia: ipi ununue, kwa mpangilio wangu

Bodi ya kiwandani, yaani gamba zima la jetiski linalobeba injini na pampu, haivunjiki kwa siku moja. Inaanza na ufa mwembamba kama unywele kwenye kona ya trei, pale unapoweka miguu, au kwenye ukuta wa mbele ulikofungwa mkono wa usukani. Unaupitishia kidole ukidhani ni mkwaruzo tu. Unaendelea kuruka mawimbi na kutua kwa kishindo, mpaka siku unafungua kifuniko cha injini na kukuta maji yamefika kwenye kapilingi, kiungo kati ya injini na shafti ya pampu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kuulizia bodi za watengenezaji wengine.

Ninaandika kwa ajili ya mwenye jetiski ya tustroki, ile ya kuchanganya petroli na oili, na hasa mwenye Yamaha SuperJet. SuperJet ilitoka mwaka 1990 na ikabaki tustroki mpaka 2020, na ndiyo iliyolisha soko hili: bodi nyingi za kubadilisha zimechongwa zipokee injini yake, pampu yake na mkono wake wa usukani. Mwenye Kawasaki 800 SX-R, iliyouzwa kuanzia 2003 hadi 2011, ana uchaguzi mdogo zaidi. Mwenye Kawasaki SX-R ya fostroki ya mwaka 2017 na kuendelea, yenye injini ya cc 1498 na uzito wa kilo 250 hivi, hayumo kwenye mazungumzo haya kabisa. Injini yake haiingii kwenye bodi ninazozitaja hapa.

Msimamo wangu niuseme mapema: bodi nzuri ni ile itakayopokea injini na pampu uliyo nayo bila kukatwa popote, na inayoendana na maji unayoyaendea kila wiki. Rangi, jina na picha za mtu aliyepinduka hewani vifuate nyuma.

Bodi inabadilisha nini hasa

Haikuongezei kasi. Kasi inatoka kwenye injini, impela (panga linalozunguka ndani ya pampu) na pampu. Bodi inabadilisha namna omo, yaani sehemu ya mbele, linavyonyanyuka, namna chombo kinavyokata kona, na kama kitadumu ukitua kutoka juu.

SuperJet ya tustroki ina urefu wa mita 2.24 na upana wa sentimita 68. Tumbo lake limenyooka kwa sehemu kubwa, kwa hiyo inatulia ukienda moja kwa moja na inabisha ukitaka kuisimamisha wima. Bodi ya sarakasi inashuka mpaka karibu na mita 2, na tumbo lake limepinda kama upande wa chini wa dau. Ukikanyaga tezi, yaani sehemu ya nyuma, na kuvuta usukani, omo linapaa. Gharama yake ni kwamba kwenye maji yaliyotulia, ukifungua mafuta yote, inadundadunda na kutafuta njia yake yenyewe. Mtu mzito ataiona inazama sana kabla haijapanda juu ya maji. Kati ya hizo mbili ndipo zilipo bodi za mawimbi, za mita 2.1 hadi 2.2 hivi, na hapo ndipo ninapoanzia.

Ya kwanza: bodi ya mawimbi, ya faiba, iliyotengenezewa vifaa vya SuperJet

Kwa watu wengi hii ndiyo ya kununua. Ni fupi kidogo kuliko ya kiwandani, tezi lake ni jepesi kuzamisha, lakini bado unaweza kwenda nayo safari ndefu bila magoti kulia. Ukiwa na injini ya cc 701 ambayo haijaguswa, wimbi zuri litakuinua vya kutosha. Kupinduka nyuma kwenye maji tambarare ni habari nyingine, na hapo utahitaji injini kubwa zaidi hata ubadilishe bodi mara tatu.

Uliza imetengenezwa kwa resini gani, ile gundi inayogandisha nyuzi za faiba. Bodi ya kiwandani hubanwa kwenye kalibu kwa joto kutoka kwenye karatasi za resini zilizochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Ni ngumu, lakini nyuzi zikiwa fupi, ufa ukianza unapata njia. Bodi nzuri ya kubadilisha hutandikwa vitambaa vya faiba vyenye nyuzi ndefu, vikanyweshwa resini ya vinili-esta au epoksi. Ile ya poliesta ya kawaida ni ya bei ya chini zaidi, na kwa mashua ya kuvulia haina neno. Kwa chombo kinachoanguka kutoka mita mbili hewani mara thelathini kwa siku, mimi siitaki.

Kisha uliza maswali haya na usikubali jibu la "itakaa tu". Shafti ni ile ile ya kiwandani au inahitaji ndefu zaidi? Kuna bodi ambazo pampu imerudishwa nyuma ili tezi lizame vizuri, na shafti yako haitafika. Pampu ni ya milimita 144 kama ya kiwandani, au kitako chake kimechongwa kwa ajili ya ya 148 au 155? Tenki lako la mafuta linaingia? Kifuniko cha injini cha zamani kinakaa, au lazima ununue chao? Eksozi inatokea wapi? Kila "hapana" hapo ni kifaa kingine cha kununua, na nimeona watu waliopata bodi kwa bei nzuri wakamaliza mwaka mzima wakikusanya vipande.

Rickter ni kati ya majina yaliyokaa muda mrefu kwenye kazi hii. Lakini hata kwa jina kubwa, mtengenezaji mmoja ana bodi za aina tofauti, kwa hiyo soma vipimo vya ile unayoagiza, usinunue nembo.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Nisimame kidogo kwenye kupanga injini, kwa sababu bodi nzuri huharibiwa hapa.

Injini ikikaa kwenye bodi mpya, nusu ya kapilingi iko kwenye injini na nusu iko kwenye shafti inayokwenda kwenye pampu, na katikati kuna raba. Nusu hizo mbili lazima zitazamane sawasawa. Unatoa raba, unazisogeza zikaribiane, unalaza rula ya chuma juu ya zote mbili, kisha ubavuni, kulia na kushoto. Rula ikikaa bila mwanga kupita chini yake, mpango ni sawa. Ukiona upande mmoja uko juu, unaweka vibati vyembamba chini ya miguu ya injini, unakaza, unapima tena. Kisha unapima tena baada ya kukaza kabisa, kwa sababu bolti zikikazwa injini husogea.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii niliikimbiza. Macho yaliniambia imenyooka. Baada ya saa tatu za maji nilifungua kifuniko nikakuta unga mweusi umetapakaa chini ya kapilingi, laini kama masizi. Ilikuwa raba, imesagwa. Beringi ya shafti nayo ilikuwa imeanza kulia. Tangu siku hiyo rula ya chuma inakaa kwenye sanduku langu la kwanza kufunguliwa.

Pampu nayo ina mahali pake pa kuumiza. Kati ya pampu na bodi kuna kiungo kinachopaswa kuzibwa kabisa kwa silikoni ya baharini. Pakibaki tundu hata la kupitisha wembe, pampu inakula hewa: injini inapiga kelele, mizunguko inapanda, chombo hakisogei. Watu hubadilisha impela mbili kabla ya kugundua kwamba tatizo ni mstari wa silikoni.

Ya pili: bodi yako uliyo nayo, ukiiimarisha

Naiweka juu ya bodi zote zilizobaki, na najua wengine hawatakubali. Kama hujawahi kuruka ukatua kwa tezi, au umri wako kwenye jetiski ni msimu mmoja, bodi ya kiwandani iliyotandikwa faiba kwa ndani itakupa miaka. Sehemu za kuimarisha ni chini ya trei, kuzunguka pampu, na ukuta wa mbele unaobeba mkono wa usukani. Ongeza vishikio vya miguu kwenye trei, ambavyo vingi hufungwa kwa bolti au gundi na faiba, na utashangaa ni kiasi gani cha ulichokuwa unakitafuta kwenye bodi mpya kilikuwa kwenye miguu yako.

Tumia epoksi. Poliesta haishiki vizuri kwenye bodi ya kiwandani, na inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, safisha kwa asetoni, ndipo utandike.

Ya tatu: bodi iliyotumika

Inaweza kuwa bahati na inaweza kuwa mzigo. Ndani ya bodi nyingi kuna povu gumu la kuzuia isizame. Povu likishanyonya maji halitemi. Bodi inakuwa nzito na muuzaji anakwambia ni uzito wake wa kawaida.

Nenda na sarafu. Gonga tumbo taratibu kuanzia omo mpaka tezi, sentimita tano tano. Panapolia kwa sauti kali, faiba imeshikana. Panaposema "dufu", tabaka zimeachana au kuna maji. Niliwahi kununua moja bila kugonga, nikatoboa tundu dogo chini kabisa ya trei ili nijue kwa nini ilinishinda kuibeba. Maji ya rangi ya chai yalitiririka jioni nzima, na asubuhi yalikuwa bado yanadondoka.

Baada ya sarafu, tazama nati zilizozamishwa kwenye faiba kwa ajili ya miguu ya injini. Ziingize bolti kwa vidole. Nati inayozunguka pamoja na bolti itakulazimu uchimbe na kutandika upya. Pitisha pia jicho kwenye mstari ambapo sitaha inaungana na tumbo, mzunguko mzima. Gundi iliyopasuka hapo ni sababu ya kurudisha pesa mfukoni na kuaga kwa heshima.

Ya nne: bodi fupi ya sarakasi, ya kaboni

Ni nyepesi, ni ngumu, na ukiwa na injini yenye nguvu inafanya mambo ambayo miaka ya SuperJet ya kwanza hakuna aliyeyawaza. Naiheshimu sana. Lakini naiweka ya nne kwa sababu wanaoinunua wengi hawana injini ya kuilisha. Bodi hii inaomba mvutano mkubwa kutoka chini, papo hapo unapofungua mafuta. Ukiweka injini ya cc 701 ya kiwandani utakuwa na chombo kigumu kusimamia, kinachozama ukiwa mzito, na ambacho bado hakipinduki.

Kaboni pia haikusamehi jiwe. Faiba ikigonga inachubuka na kuonyesha jeraha. Kaboni inaweza kupasuka ndani, na kwa nje ukaona doa dogo tu. Ukiendesha penye miamba au maji machache, chagua bodi ya kaboni iliyochanganywa na kevla, nyuzi ngumu zisizopasuka ovyo, chini ya tumbo, au rudi kwenye ile ya kwanza.

Ya mbio

Sina mengi. Ni ndefu, inashika kona kama kisu na haipendi kurukwa. Kabla ya kununua soma kanuni za kundi utakaloshindania. Chini ya IJSBA, chama cha kimataifa cha mbio za jetiski, ambacho fainali zake za dunia zilifanyika miaka mingi Lake Havasu, Arizona, makundi ya vyombo vya kiwandani yanadai bodi ya kiwandani, na hiyo yako mpya itakuhamishia kundi la wazi, pamoja na watu wenye injini usizoziweza.

Kabla hujalipa, na siku ya kwanza

Omba namba ya utambulisho wa bodi na karatasi ya mauzo yenye namba hiyo. Usajili wa chombo hufuata bodi, haufuati injini, kwa hiyo SuperJet yako ikihamia kwenye bodi nyingine, kwa wenye mamlaka ni chombo kingine. Bodi isiyo na namba itakusumbua siku utakapotaka kuuza.

Tenga pesa ya vitu vidogo: mipira ya maji, vibano, mati ya trei, wavu wa mdomo wa pampu, bamba la chini yake, na pampu mbili za umeme za kutoa maji. Nasema mbili kwa sababu bodi ya kurukwa hukaa kichwa chini mara nyingi, na moja ikiziba jani la mwani, ya pili inakurudisha ufukweni.

Siku ya kwanza usiruke. Iweke majini ikiwa imezimwa, kifuniko wazi, ukae nayo robo saa ukimulika tochi kwenye beringi ya shafti, bolti za pampu na kila tundu la mpira. Kisha iwashe, uende mwendo wa pole karibu na nchi kavu dakika kumi, urudi, ufungue. Shika kapilingi kwa tahadhari injini ikiwa imezimwa: ikiwa ya moto kuliko vyuma vilivyo jirani, toa rula ya chuma uanze kupima upya.