Mashine ya Umeme ya Kukamua Juisi: Tazama Chujio Kabla ya Mota

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina mashine ya umeme ya kukamua juisi, ile aina inayozunguka kwa kasi, ya wati 800, swichi yake ina kasi mbili. Leo naikamulisha karoti, matufaha, tangawizi na majani, halafu naiosha mbele yenu bila kukata video. Naosha mbele yenu kwa makusudi. Juisi inayonyweka karibu kila mashine itakupa, lakini mashine inayokusumbua kwenye sinki utaitumia wiki mbili tatu, kisha itapanda juu ya kabati na hutaishusha tena. Kwa hiyo mimi mashine hizi nazipima kwa kuosha kwanza, ladha baadaye.

Tuifungue, ili nikitaja kitu mjue nagusa wapi. Hiki cha chini ni kitako, ndimo ilimo mota. Juu yake linakaa bakuli la plastiki lenye mdomo wa kutolea juisi. Ndani ya bakuli kuna hili hapa, chujio la chuma kisichoshika kutu. Sogezeni macho. Chini yake kuna meno madogo ya kukwangua, na kuta zake zimejaa vitundu vidogo sana. Tunda likishuka, meno yanalisaga, mzunguko unalitupa ukutani, maji yanapenya kwenye vitundu na kuanguka kwenye bakuli, makapi yanapanda na ukuta hadi juu na kurushwa kwenye ndoo yake hii ya nyuma. Mashine za aina hii huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, nyingine hupita elfu 10. Zile za polepole, zenye parafujo nene inayosaga na kuminya, huzunguka kama mara 40 hadi 100 tu. Kelele, povu, ukavu wa makapi, uwezo wa kukamua majani: tofauti zote hizo zinaanzia kwenye mwendo huo.

Na mkono huu wa chuma unaobana mfuniko ni usalama. Usipoufunga, mota haiwaki. Ukikutana na mashine inayowaka mfuniko ukiwa wazi, usiinunue, hata wakupunguzie bei namna gani.

Haya, karoti. Nimeziosha kwa brashi na kukata vichwa, ganda nimeliacha. Matufaha nimetoa moyo wenye mbegu, kwa sababu mbegu za tufaha zina amigdalini, ambayo ikisagwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Mbegu mbili tatu hazimdhuru mtu, lakini sioni sababu ya kuzisaga kila asubuhi na kuwapa watoto. Machungwa lazima yamenywe, mafuta ya ganda lake yanafanya juisi iwe chungu. Ile nyama nyeupe laini iliyo chini ya ganda ikibaki kidogo si neno. Embe na matunda mengine yenye kokwa ngumu, kokwa inatoka kwanza. Kokwa moja inatosha kuvunja meno haya.

Nawasha kabla sijaweka kitu. Sikilizeni mlio unavyopanda... sasa umetulia, maana yake mota imeshika kasi. Hapo ndipo naingiza karoti, na nasukuma kwa kisukumio hiki kilichokuja na mashine. Kidole hakiingii humu, kijiko hakiingii, hata swichi ikiwa imezimwa, maana chujio huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzima.

Sasa angalieni mkono wangu. Nasukuma taratibu, karibu kuiacha karoti ishuke kwa uzito wake. Ukikandamiza kwa nguvu, vipande vinafika kwenye kuta vikiwa vikubwa, vinarushwa nje kabla havijatoa maji yake, na mota inalemewa. Nitawaonyesha. Karoti hizi nimesukuma polepole, na hizi nyingine nazikandamiza kama watu wengi wanavyofanya wakiwa na haraka. Nachukua makapi ya kila fungu, nayaminya kwa kiganja. Haya ya polepole yanatoa unyevu kidogo tu, yanabaki kama unga uliolowa. Haya ya haraka, mnaona? Juisi inachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Karoti ina maji karibu asilimia 88, kwa hiyo makapi yakitoka yamelowa hivi, ujue juisi uliyoinunua unaitupa. Kipimo hiki cha kiganja kifanyeni na mashine zenu nyumbani. Ukisukuma polepole na makapi bado yanachuruzika, meno yameisha makali au vitundu vimeziba.

Kasi ya juu ni ya vitu vigumu kama karoti, bitiruti na tufaha. Ya chini ni ya machungwa, zabibu, nyanya na tikiti. Ukiweka tikiti kwenye kasi ya juu unapata povu jingi na rasharasha hadi kwenye mfuniko. Ndizi na parachichi zisiingie kabisa, hizo hazina maji ya kukamuliwa kwa namna hii, zinageuka uji na kuziba vitundu. Hizo ni kazi ya blenda.

Kwenye majani mashine hii ni dhaifu, na nasema hivyo bila kuficha. Nikidondosha majani ya spinachi moja moja, mengi yanatoka kwenye makapi yakiwa bado mabichi, yamekatikakatika tu. Inasaidia kuyakunja yawe donge gumu, kisha kuyafuatisha na kipande cha tufaha kinachoyasukuma kwenye meno. Hapa nimepata juisi ya kijani, ndiyo, lakini tazameni makapi yalivyo ya kijani pia. Kama juisi ya majani ndiyo unayoitaka kila siku, mashine ya polepole itakufaa kuliko hii. Tangawizi nayo iwekwe katikati, kati ya karoti mbili. Ukiimalizia nayo, nyuzi zake zinajizungusha kwenye meno na ladha yake nyingi inabaki ndani.

Juisi hii hapa. Rangi nzuri, povu kama nusu kidole juu. Povu hilo ni hewa iliyoingizwa na mzunguko, halina ubaya, unaweza kulikwangua kwa kijiko. Ya tufaha itaanza kugeuka kahawia ukiitazama hivi hivi, limau kidogo linachelewesha. Inywe sasa. Kama lazima uiweke, tumia chupa safi, ijaze mpaka juu ili hewa isibaki nyingi, funga, weka kwenye friji na uimalize siku hiyo hiyo. Juisi hii haijachemshwa, hivyo uchafu wowote uliokuwa kwenye ganda la tunda umo ndani. Ndiyo maana nasisitiza kuosha matunda vizuri, hasa kama anayekunywa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee.

Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Nyuzinyuzi za tunda zimebaki kwenye ndoo ya makapi, sukari imekuja kwenye glasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na sukari zile tunazotakiwa kuzipunguza ziwe chini ya asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Matufaha matatu ukiyala utashiba kabla hujayamaliza. Yakiwa kwenye glasi yanateremka kwa dakika moja. Mimi naweka mboga nyingi kuliko matunda, na glasi yangu ni ndogo.

Sasa sinki. Kabla sijazima, namimina glasi ya maji safi kupitia mdomo wa matunda huku mashine inazunguka, bakuli la kukingia likiwa mahali pake. Tazameni maji yanavyotoka na rangi ya karoti. Hayo yangekauka humo ndani. Nazima, nachomoa plagi kwenye soketi, nasubiri chujio lisimame kabisa, ndipo nafungua.

Makapi nayatoa kwanza. Ndani ya ndoo nilitandika mfuko mwembamba, kwa hiyo nauinua wote na kazi imekwisha. Yanafaa kwenye mbolea, au kwenye supu na unga wa keki ukitaka.

Mfuniko, bakuli na ndoo ni maji, sabuni na sifongo, haviumizi kichwa. Muda wote unakwenda kwenye chujio. Nyuzi zimeingia kwenye vitundu kutoka ndani, zikisukumwa na kasi kubwa mno, kwa hiyo ukisugua kutoka ndani unazidi kuzishindilia. Geuza. Elekeza maji ya bomba upande wa nje wa kuta, yazirudishe nyuzi zilikotoka. Mnaona zinavyodondoka kwa ndani? Baada ya hapo ndipo brashi inaingia, hii ya nailoni, kwa mizunguko midogo midogo, nje kisha ndani. Meno haya ni makali hata yakiwa yamesimama, usiyapitishie vidole wala kitambaa. Brashi tu. Na usitumie waya wa kusugulia sufuria, unakwaruza chuma na kuharibu vitundu.

Halafu liinue kwenye mwanga. Hivi. Upande huu mwanga unapita kote. Huku kuna kiraka cheusi, vitundu vimeziba, narudia maji na brashi. Usiridhike na chujio linalong'aa tu mpaka uone mwanga ukipita. Vitundu vilivyoziba leo ndivyo vinavyoleta makapi yaliyolowa wiki ijayo, na mtu anaanza kuilaumu mota.

Yote haya ni mepesi kwa sababu naosha sasa hivi. Nyuzi za karoti zikikauka zinagandamana na chuma kama gundi. Kama umechelewa, usipigane nazo: loweka chujio kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka zilainike. Kuna na ukungu mweupe unaojengeka polepole kwenye chuma, ambao sabuni haiutoi. Huo ni mabaki ya madini ya maji na ya mboga. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, au maji ya limau, kisha piga brashi na usuuze vizuri.

Plastiki iliyogeuka rangi ya machungwa kwa ajili ya karoti inawasumbua wengi. Rangi ile ni karotini, na karotini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Chukua mafuta kidogo ya kupikia kwenye kitambaa, futa kama hivi, rangi inahamia kwenye kitambaa. Ndipo sabuni ifuate kuondoa mafuta. Afadhali njia hii kuliko kusugua plastiki mpaka ipate mikwaruzo, maana mikwaruzo ndiyo inayohifadhi uchafu.

Kitako kinafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, plagi ikiwa nje. Hakizamishwi, hakiwekwi chini ya bomba. Mashine ya kuoshea vyombo tumia tu kama kijitabu kinaruhusu, kwa sababu joto hupinda plastiki, na mfuniko uliopinda haufungi.

Hapa sasa ndipo nina ugomvi na mashine hii. Mpira huu wa kuziba, chini yake makapi yanajificha, na lazima uuchomoe kwa ncha ya kitu butu kila mara. Usipouchomoa, ukungu unaota na juisi inaanza kuwa na harufu ambayo huelewi inatoka wapi. Na ukingo wa mfuniko una kona kali ambayo sifongo haiifikii, nimelazimika kutumia mswaki wa zamani. Aliyebuni mashine hii alifikiria sana koo, yaani ule mdomo wa kuingizia matunda, ambalo kweli ni pana, linameza tufaha bila kukatwa, lakini anayeosha hakumfikiria vya kutosha. Koo pana linaokoa muda wa kukata, kisha kona hizi zinaudai muda huo huo kwenye sinki.

Kausha kila kitu kabla ya kuunganisha, na ukihifadhi usifunge mfuniko kwa kukaza, hewa ipite.

Mambo ya mota nitayapitia upesi. Kijitabu kinasema izunguke kwa muda gani kabla ya kupumzishwa; kifuate. Ikizima yenyewe katikati ya kazi, mara nyingi ni kinga ya joto imefanya kazi yake: chomoa, acha ipoe, usilazimishe. Ikianza kutikisika mezani, zima mara moja. Aidha chujio halijakaa sawasawa, au makapi yamerundikana upande mmoja. Na kila unapoosha, pitisha jicho kwenye kuta za chujio kutafuta ufa. Chujio lenye ufa halitumiki tena hata siku moja, kwa kasi ile linaweza kupasuka vipande.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa karoti, tufaha na bitiruti, nyumba yenye watu wengi na asubuhi yenye haraka, mashine hii inafaa, ilimradi una subira na ule mpira. Kama kuna mtoto mchanga anayelala, kelele yake itakushinda. Kwa machungwa pekee, kikamulio kidogo cha umeme cha machungwa kinatosha, na kinaoshwa kwa muda mfupi sana. Kwa majani, nimeshasema.

Ukienda dukani, usianze na wati. Omba wakufungulie, toa chujio, toa mpira wa kuziba, virudishe mwenyewe. Kisha muulize muuzaji kama chujio la kubadilishia linapatikana peke yake, bila kununua mashine nzima. Akikosa jibu, nenda kwenye mashine inayofuata.