Mac au Windows kwa kuediti picha? Niulizeni mimi niliyeuziwa laptopu ya shule ya Marekani

Wapiga picha wenzangu huniuliza swali hili kila mara, na jibu langu hutegemea nimeamka vipi. Leo nimeamka vibaya. Kwa hivyo jibu la leo ni hili: nunua Mac, nunua Windows, nunua chochote roho inapenda, lakini usinunue kwa yule jamaa wa kaunta ya vioo na kofia nyeusi pale mjini. Jina la duka silitaji. Sitaki nishtakiwe kabla sijashtaki.

Nianze na Windows, maana huko ndiko nilikolelewa. Nilikuwa na laptopu nyeusi ya ofisi, ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kwanza, nzito ya kutosha kumpigia mwizi. Niliipenda kwa sababu ilikuwa inafunguka. Nilienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, fundi akafungua skrubu mbele ya macho yangu, akaongeza RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, akatoa ile diski ya zamani akaweka SSD, diski ya kasi, nikalipa kwa M-Pesa na kurudi nyumbani na mashine nyingine kabisa. Watu wa Mac hawaijui hiyo raha.

Shida ilikuwa skrini. Laptopu hizi zilitengenezewa watu wa hesabu na barua pepe, na nyingi za bei ya chini zinaonyesha kama asilimia 60 tu ya rangi za sRGB, kipimo ambacho picha nyingi za intaneti na simu hukifuata. Sasa wewe unaediti usiku, unaona uso wa bibi harusi umepauka, unaongeza rangi. Bado umepauka, unaongeza tena. Kwako imekaa vizuri kabisa. Asubuhi unamtumia, anafungua kwenye simu yenye skrini kali, na hapo ndipo ukweli unajulikana. Ngozi nyeusi ndiyo inaumia zaidi. Ile kahawia ya ndani ukiisukuma kidogo tu inaingia kwenye wekundu, ukisukuma tena inakuwa chungwa. Kuna kile kifaa cha kupimia rangi ambacho watu hukisifu, na kinasaidia kweli, lakini hakiwezi kuleta rangi ambayo skrini haina.

Baada ya ruracio moja, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, kule Kiambu, shangazi ya msichana alinitumia ujumbe wa sauti, kwa upole ambao bado unaniuma: "Kijana wangu, picha ni nzuri, Mungu akubariki, lakini mbona tumekuwa rangi ya Fanta?" Nilirudia albamu nzima nikiangalia simu kwa jicho moja na laptopu kwa jicho lingine. Kitenge cha mama mzaa chema kilikuwa na mstari wa zambarau ambao kwenye laptopu yangu ulikuwa buluu. Zambarau yenyewe sikuwahi kuiona hadi nilipoiona kwenye simu.

Halafu Windows 10 ikafika mwisho. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuitunza kama kawaida, na Windows 11 haitaki prosesa za Intel za zamani; kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, tena na ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu ilikuwa kizazi cha sita. Na bado ukitembea mjini leo utaziona zimepangwa dirishani, kizazi cha nne, cha sita, cha saba, zimesuguliwa zinang'aa, na muuzaji anakuambia ina Windows 11 bila kukuambia iliingizwa kwa mlango wa nyuma.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesoma kompyuta chuoni alinisihi nihamie Linux, mfumo wa bure usio Windows wala Mac, na programu yake ya kuediti picha. "Uncle, darktable ni ya bure, usiogope." Nilijaribu. Darktable inafungua RAW, zile picha ghafi za kamera, bila shida na ina mambo mengi kuliko nitakavyowahi kuyahitaji. Lakini picha zangu za miaka zote zimo ndani ya Lightroom, programu ya kuediti ya Adobe, na Adobe hawajatengeneza Lightroom ya Linux. Nikamshukuru, nikaendelea na safari.

Basi ikawa Mac. Sikuwa na pesa za mpya, kwa hivyo nikaenda kwa jamaa wa kofia. Siku ile alikuwa asali. "Karibu mkubwa, keti hapo, wewe ni mtu wa picha nimeshakuona kwa macho." Akanitolea MacBook Air ya M1, prosesa ya Apple wenyewe, safi, kingo hazijapigwa, akafungua picha ya simba akainyanyua nione. Sitadanganya, simba yule alininunua. Nikatuma Sh80,000 na kitu kwa namba ya till, nikapewa risiti iliyoandikwa kwa mkono na mfuko wa karatasi.

Wiki za kwanza nilikuwa mlevi. Nasema hivyo ili mjue simtukani mtu kwa chuki ya laptopu. Air ya M1 haina feni hata moja, kwa hivyo unatoa picha mia tano za harusi zilizokwisha kueditiwa na chumba kimya, unasikia tu majirani. Skrini yake inapita sRGB, inafika rangi pana za P3, na nilipofungua tena ile ruracio, zambarau ilikuwa pale pale inaningoja. Stima ilipotea jioni moja nikiwa katikati ya kazi, na betri ikanibeba hadi nikamaliza na kulala. Kama ningeandika wakati huo ningeipa nyota tano na ya sita ningeichora mwenyewe.

(Kero moja ndogo niipitie haraka: diski zangu zote za nje zilikuwa za mfumo wa NTFS kutoka Windows. Mac inazisoma tu, kuandika haiandiki. Ukihama, nakili picha zako mahali salama, kisha ufomati diski kwa exFAT, ndio mfumo ambao pande zote mbili zinauelewa. Muuzaji hatakuambia.)

Kisha ikaanza kusumbua. Programu zinajifunga zenyewe, nafasi inaisha bila sababu. Nikapiga simu dukani, kijana mwingine akapokea, akaniambia kama mtu anayeagiza chai: "Fomati tu boss, itarudi kama mpya." Picha zilikuwa kwenye diski ya nje, nakala ya katalogi, ile orodha ya Lightroom, pia. Nikafomati. Nikaunganisha na Wi-Fi ya nyumbani. Nikachagua lugha, nikachagua nchi, Kenya, na ukurasa uliofuata ukaniambia kwamba laptopu hii inasimamiwa kutoka mbali na wilaya fulani ya shule huko Marekani, niweke jina langu na pasiwadi niliyopewa na shule.

Mimi. Shule. Marekani.

Nilibonyeza kurudi nyuma, hakuna nyuma. Nikaizima na kuiwasha, ikanisalimia kwa jina la shule tena.

Nimesoma sana kuhusu jambo hili tangu hapo, na niseme jinsi linavyofanya kazi ili usiuziwe maneno. Shirika au shule ikinunua kompyuta nyingi kutoka Apple, namba za mashine huandikishwa chini ya jina lake. Ukiifuta laptopu na kuiwasha ikiwa na intaneti, inawauliza Apple, mimi ni wa nani? Na Apple wanaijibu. Jibu hilo liko kwenye seva zao, haliko ndani ya laptopu, ndiyo maana hakuna fundi wa Luthuli wala wa mwezini anayeweza kulifuta. Anayeweza kuiachilia ni yule aliyeiandikisha. Labda shule iliuza kwenye mnada ikasahau kuziachilia. Labda iliibwa. Jamaa wa kofia alijua au hakujua, hilo ni lake na Mungu wake, ila mimi nina maoni yangu.

Nikaenda. Na hapa ndipo penye hasira yenyewe, maana laptopu ni chuma tu, binadamu ndiye ana mdomo.

Alikuwa anakula chipsi. Hakusimama, hakufuta vidole. Nikaweka laptopu kwenye kaunta, nikaifungua, nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda wa kumeza, akarudi kwenye simu yake.

"Sasa wewe umefomati ya nini?"

Mkubwa alikuwa ameshakufa, nimebaki wewe.

Nikamwambia niliambiwa na duka lake. Akasema duka halina simu, simu ni za watu. Nikasema nataka pesa yangu. Hapo akainua chipsi moja, akaielekeza kwenye kibao kilicho juu ya kichwa chake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaila. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kusaidia, kwamba kwa elfu tano anaweza "kunifungulia". Yaani aliniuzia nyumba yenye kufuli ya mtu mwingine, sasa ananiuzia kuruka ukuta.

Na hakuishia hapo. "Shida yenu nyinyi wapiga picha," akasema, "mnapenda vitu za bei na hamna bei."

Kulikuwa na mama mmoja pembeni, mkoba umebanwa kwapani, anamnunulia bintiye anayeingia chuo. Jamaa akageukia kwake na ile asali yangu ya zamani: "Mama, chukua hii ya 8GB, RAM tutamwongezea baadaye." Nikasikia mdomo wangu unasema kwa nguvu, "Haiongezeki!" Na ni kweli, kwenye hizi M1 na ndugu zake kumbukumbu imeshonwa pamoja na prosesa tangu kiwandani. Utakayonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Jamaa sasa akasimama. Akamwita soja. Soja akaja, mzee wa heshima zake, akatuangalia wote watatu, akauliza, "Nani nimtoe?"

Mama ndiye aliyeokoa siku. "Kijana, mtengenezee mwenzako kitu chake. Mimi sina haraka, nitangoja nione." Mbele ya mteja mwenye pesa mkobani, elfu tano ikageuka kuwa bure. Aliichukua laptopu na vidole vyake vya mafuta, akaandika maandishi fulani haraka haraka, akanirudishia inafanya kazi. Alama ya kidole gumba ilibaki juu ya kamera.

Kwa hivyo ninayo. Inafanya kazi. Kila baada ya muda pembeni mwa skrini linatokea tangazo kwamba shule ingependa kuisimamia laptopu yangu, nami naliondoa kama mtu anayefukuza inzi. Sithubutu kuifomati tena, na kila macOS mpya ikitoka naiangalia mara mbili kabla ya kubonyeza. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji, na kibao cha plastiki hakiwezi kuifuta Katiba. Mahakama ya madai madogo pale Milimani husikiliza kesi za hadi Sh1,000,000. Nimeshauliza. Siku nikikasirika kwa kiasi kinachofaa nitaenda.

Mnataka alama. Duka, sifuri. Laptopu, nyota mbili, kwa sababu si yangu. Hapana, nne, kwa sababu jana nimeediti harusi ya Ngong juu yake na ngozi za watu zimetoka vile Mungu alivyoziumba. Tatu basi. Tukisema ukweli, Windows yenye skrini nzuri ingenifaa vilevile. Zipo zinazoonyesha sRGB kamili, na Lightroom ni ile ile. Ila kwa pesa zangu, mjini, sijawahi kukutana nayo.

Ukienda kununua ya mkono wa pili, mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti ya simu yako, na msubiri pamoja hadi mfike ndani. Akianza kusema haina haja, au inachukua muda, chukua mkoba wako uondoke. Kwa Windows, uliza prosesa ni kizazi gani, kisha fungua picha moja ya uso wa mtu mweusi kwenye simu na kwenye laptopu, uziweke sambamba. Dakika moja inatosha kukuambia kama utaletewa ujumbe wa shangazi.

Yule mama tulibadilishana namba pale nje. Juzi akanipigia: binti anataka kujifunza kuediti picha, amnunulie gani? Nikavuta pumzi. Nikakumbuka kile kibao, zile chipsi, yale maneno. Nikafungua mdomo nimwambie Windows.

"Mac, mama," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Kwa yule yule?"

"Kwa mtu mwingine yeyote, mama. Na uniite nije tuifomati pamoja."