Kozi ya picha: somo la tundu la lenzi limeniudhi

Nilijiunga na kozi hii ya mtandaoni kwa ajili ya somo moja tu, la tundu la lenzi, yaani mlango unaopitisha mwanga kuingia kwenye kamera. Mwalimu anajua kupiga picha, hilo simnyimi. Kufundisha hajui. Au tuseme anajua akitaka.

Somo zima ni wimbo mmoja: fungua tundu hadi mwisho, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nyuma kuwe na ukungu, picha itapendeza. Kwa uso mmoja inapendeza kweli. Lakini mimi napiga picha za familia, watu wakijipanga safu mbili. Nikafuata alivyosema. Wa mbele wakatoka safi hadi kope zinahesabika. Wa nyuma, bibi yao akiwa katikati, nyuso zimevurugika kabisa. Nikamuuliza kwa adabu kwenye ukurasa wa maswali. Jibu: "Nunua lenzi ya maana kwanza, ndiyo uje kuuliza." Mbele ya wanafunzi wote!

Lenzi ina kosa gani? Lenzi ya 50mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya 35mm), ukisimama mita 3 na f/1.8, sehemu inayotoka safi ina kina cha sentimita 40 hivi, mbele na nyuma kwa pamoja. Safu ya pili itaingia wapi hapo? Ukifunga hadi f/8 unapata karibu mita 2. Mwanga unapungua, tena karibu mara 20, kwa hiyo unapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au unapunguza kasi ya shata, ili mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Maelezo yenyewe ni hayo tu! Ndiyo niliyoyalipia, na nimekuja kuyapata bure kwingine.

Ningempa nyota moja na kuondoka. Ila somo linalofuata, la umbali, jamani, ni zuri mno. Anaiacha f/4 vilevile, anamsogelea mtu hatua kwa hatua, na nyuma kunazidi kufifia huku unaona. Kisha anamwondoa mtu karibu na ukuta, ukungu unaongezeka tena. Siku hizi nikipiga picha ya mtu mmoja namtoa ukutani kwanza, namba za f baadaye. Somo hilo peke yake ningelilipia tena.

Basi nyota tatu. Nilishataka hata kuandika nne. Lakini nimerudi sasa hivi kwenye ukurasa wa maswali, na swali langu limefutwa, jibu lake pia. Mbili.